Lamu mjini hadi Shela kwa miguu: njia, maji na haki ya mpitaji

Njia ya pwani kutoka Lamu mjini hadi Shela ina urefu wa kama kilomita 3, na mtu wa mwendo wa kawaida huimaliza kwa dakika 40 hadi 50. Si njia ya kupotea. Ukielekea Shela, bahari iko mkono wako wa kushoto na Manda iko ng'ambo. Lakini kuijua njia si kuyajua maji, na anayetembea peke yake aanze na maji.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na alasiri. Katikati, karibu saa nne au saa tano asubuhi, yamekupwa kabisa na mchanga uko wazi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 3. Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa asubuhi hiyo hiyo, ingawa hayapandi sana. Wavuvi hawahitaji kuambiwa haya. Vijana waliosomea bara na wageni wa kulala siku mbili ndio wanaoonekana alasiri wameshika viatu mkononi, maji yamewafika mapajani.

Basi siku ya bamvua toka saa mbili asubuhi, na urudi kabla ya saa nane na nusu. Ukichelewa, ipo njia ya ndani inayopita nyuma ya viwanja, na zipo mashua za kuvusha abiria baina ya Shela na mjini. Patana nauli kabla hujapanda.

Mwanzo mzuri ni Mkunguni, mbele ya ngome. Ngome ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, na baadaye ikawa jela kwa miaka mingi, hadi 1984. Ukishuka gatini utakuta msongamano wote wa mji: wachukuzi, magunia ya saruji, mabuibui yanayosubiri mashua, wanafunzi, watalii, na punda. Upande wa kaskazini wa gati ipo zahanati ya punda iliyoanzishwa 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza. Punda aliyebeba mawe ya ujenzi hapishi. Mpishe wewe, na simama upande wa ukuta, si ukingoni mwa maji. Pikipiki nazo zimezidi miaka hii, na hizo huzisikii mpaka zimekufikia, maana upepo wa baharini unameza sauti. Ndani mjini, Usita wa Mui ni mwembamba zaidi, lakini una kivuli, na mkate wa mofa hukosi.

Mwezi wa Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, usitarajie kupita pwani kwa haraka. Wageni wa Riyadha hujaza mji, na siku ya mashindano ya punda ukingo wote wa bahari huwa watu.

Ukipita Langoni na hospitali, kelele zinapungua. Unafika Jineri, palipokuwa na kiwanda cha kuchambulia pamba, na kuanzia hapo njia iliyosakafiwa inakwisha. Kinachobaki ni mchanga, mawe ya matumbawe na kuta za majumba. Hapa ndipo penye neno.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hakuna mwenye hati anayeweza kukuzuia kupita kwenye mchanga huo, awe na hoteli au nyumba ya likizo. Wengi huishia hapo na kuridhika. Tatizo ni kwamba bamvua linapojaa, ardhi hiyo yote iko chini ya maji. Ukuta ukijengwa mpaka kwenye alama ya maji, haki yako ya kupita ipo saa nne asubuhi, na saa kumi alasiri haipo, ilhali saa kumi ndipo wafanyakazi wa majumbani na wanafunzi wanaporudi makwao. Njia ya zamani iliyopita juu ya maji hailindwi na kifungu hicho. Inalindwa vizuri zaidi ikiwa imechorwa kwenye ramani ya mipango kabla kiwanja hakijapimwa. Kwa maoni yangu, wazee wanaokumbuka njia hiyo ilipita wapi wangeandikiwa maelezo yao sasa na kupelekwa kaunti na Tume ya Taifa ya Ardhi, maana kuta zinaongezeka na wazee wanapungua.

Shela yenyewe inafaa kupumzikia. Msikiti wa Ijumaa wenye mnara mrefu uliochongoka ni wa 1829, na mnara huo unauona kabla hujafika. Ukiwa umevaa nguo za kuogelea, jifunike kabla ya kuingia vichochoroni; ni kijiji cha watu, si ufuo wa hoteli. Toa salamu barazani. Salamu ni adabu, na kwa aliye peke yake ni kinga pia, kwani waliokuona ukipita watajua kama hujarudi.

Baada ya Shela unaanza ufuo wa kama kilomita 12 unaoelekea Kipungani. Mwanzo wake una watu. Mbele hakuna mtu, kivuli wala maji ya kunywa, na mkondo baharini ni mkali, hasa wakati wa kusi. Peke yako, ishia pale unapoona watu bado. Anayetaka kufika Kipungani atafute mwenzake.

Yale machuguu ya mchanga nyuma ya ufuo usiyapande kwa mchezo wala kuchota mchanga wake. Mvua inayonyesha pale huzama na kuhifadhika chini, na visima vya Shela vinavyonywesha mji wa Lamu vinategemea maji hayo. Ukijengwa msururu wa nyumba na vyoo juu yake, atakayekunywa chumvi au uchafu ni mtu wa Mkomani na Langoni.

Ni hapo hapo Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, jeshi la Mombasa na Pate lilishuka kuishambulia Lamu likashindwa. Husimuliwa kwamba waliokimbilia majahazi yao waliyakuta yamekaa mchangani, maji yamekupwa. Baada ya vita hivyo Waamu waliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman.

Chukua maji lita moja na nusu, kofia, na viatu vya kulowa. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki. Na kabla ya kutoka, muulize nahodha yeyote gatini maji yanajaa saa ngapi leo. Atakujibu bila kutazama saa.