Kiingereza cha Kuingilia Sekondari

Kwa zaidi ya nusu karne, mtoto wa Kenya aliyetaka kwenda sekondari alibebeshwa Kiingereza cha aina mbili. Kimoja kilikuwa cha kusomea vitabu na kujieleza. Kingine kilikuwa cha mtihani: vitenzi kama "put off" na "put up with", ambavyo maana yake hugeuka kwa neno dogo linalofuata, mpangilio wa vivumishi, vijiswali vya kukamilisha sentensi, na misemo ya kukariri. Aina hii ya pili ndiyo iliyokula saa nyingi darasani, na lawama zimezoeleka kuwaangukia walimu, kwamba walipenda kukaririsha kuliko kufundisha. Historia ya mitihani yenyewe inawatetea. Uchache wa nafasi za sekondari na muundo wa karatasi ya maswali ndivyo vilivyoamua Kiingereza gani kifundishwe, na mwalimu akafuata.

Mambo yalianza kukazwa zama za ukoloni. Baada ya ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 kuhusu elimu ya Waafrika, mtoto Mwafrika alichujwa mara ya kwanza mwishoni mwa darasa la nne, kisha akachujwa tena darasa la nane katika mtihani ulioitwa KAPE. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeufanya mtihani huo miaka ya hamsini, ameeleza katika kitabu chake Decolonising the Mind kwamba aliyeanguka Kiingereza alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani wote, hata kama masomo mengine aliyapasua. Anamtaja mwenzake wa darasani aliyefanya vizuri sana kila somo isipokuwa Kiingereza, akaishia kuwa utingo wa basi, ilhali yeye mwenyewe, kwa alama za kawaida na Kiingereza kizuri, alipata nafasi katika shule ya sekondari ya Alliance. Katika utaratibu wa namna hiyo, kosa la sarufi lilikuwa na uzito wa maisha. Haishangazi kwamba shuleni palikuwa na viboko, faini na vibao vya kuvishwa shingoni kwa aliyekutwa akisema lugha ya mama yake.

Uhuru uliongeza shule, lakini haukuondoa msongamano. Mwaka 1963 nchi ilikuwa na wanafunzi wa msingi wapatao 890,000, na wa sekondari kama 30,000 tu. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na mtihani wa CPE, uliofuata kama mchujo wa kumaliza shule ya msingi, ukawa na karatasi tatu: Kiingereza, hesabu, na ya tatu iliyochanganya historia, jiografia na sayansi. Majibu yote yalikuwa ya kuchagua. Kwa hiyo mtoto aliweza kupasi Kiingereza bila kuandika hata aya moja ya kwake. Kuandika hakukuwa na alama, na katika madarasa mengi hakukuwa na muda wake.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa Kiswahili. CPE haikukitahini, na shule nyingi zikakiacha kando, ingawa ndiyo lugha iliyosikika sokoni, kwenye matatu na katika hotuba za wanasiasa. Mwaka 1985, mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ulipoleta mtihani wa KCPE mahali pa CPE, Kiswahili kiliwekewa karatasi yake, pamoja na insha. Shule zikakichangamkia, na wachapishaji wakatoa vitabu vya marudio. Lakini tazama kilichochangamkiwa: orodha za methali, majina ya watoto wa wanyama, vitate, tashbihi, na vianzio vya insha vya kukariri, kuanzia jua kuchomoza hadi ndege kuimba. Kiswahili, lugha ya hapa hapa, kilifundishwa vile vile Kiingereza kilivyofundishwa. Kama ugeni wa Kiingereza ndio ungekuwa chanzo cha ukaririshaji, Kiswahili kingesalimika. Hakikusalimika, kwa sababu nacho kilikuwa kimewekwa langoni.

Yapo mapingamizi yanayostahili jibu. La kwanza ni kwamba mazoezi haya yalimsaidia maskini: shule isiyo na maktaba iliweza kupata karatasi za miaka iliyopita, na mtoto wa kijijini akashindana na wa mjini. Ni kweli, na wapo waliofika vyuo vikuu vya Makerere na Nairobi kwa njia hiyo. Lakini msemo wa Kiingereza ni kitu ambacho mtoto wa nyumba yenye vitabu na redio hukiokota bila kukitafuta, na mwenzake hukikariri kwa taa ya kibatari. Ukipima misemo, unapima nyumba aliyotoka mtoto kabla hujapima akili yake. La pili ni kwamba sekondari ilifundisha kwa Kiingereza, basi ilikuwa haki kuwachuja wanafunzi kwa lugha hiyo. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mtihani ungepima kazi iliyokuwa ikiwasubiri, yaani kusoma ukurasa wa jiografia na kuueleza kwa maandishi. Kujua nahau haikuwa kazi hiyo.

La tatu ni kwamba mtihani wa mchujo hauwezi kuwa vinginevyo. Kenya yenyewe imeshalijibu. Katikati ya miaka ya sabini, baada ya ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuukosoa mfumo wa mitihani, mtaalamu wa mitihani Anthony Somerset alisaidia kubadili maswali ya CPE ili yadai kufikiri zaidi ya kukumbuka, na shule zikapelekewa maelezo ya wapi watahiniwa walikosea na kwa nini. Na KCPE iliporudisha insha ya Kiingereza, kalamu zilirudi darasani, hata kama vianzio vya kukariri vilifuata nyuma. Karatasi ikibadilika, darasa hubadilika.

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mitaala mipya imeahidi kupima umahiri. Ahadi hiyo itapimwa kwa mambo mawili. Je, swali linamtaka mtoto aseme jambo lake, au achague nahau ya mtu mwingine? Na je, shule nzuri zinatosha, ili kosa moja la sarufi lisiamue maisha ya mtu? La pili likipuuzwa, la kwanza halitadumu, kwa kuwa penye nafasi chache kila lugha itakaririwa, iwe ya kigeni au ya nyumbani.