Insha katika Mtihani wa Dola: Mfano wa Base ya Kamina

Tangu mwaka 1967, kijana wa Kongo atakaye kuingia chuo kikuu sharti kwanza ashinde Mtihani wa Dola. Sehemu kubwa ya mtihani huo ni maswali ya kuchagua jibu, ambayo leo husahihishwa kwa mashine. Insha ya Kifaransa, inayoandikwa kabla ya siku za mtihani mkuu, huhitaji msomaji: je, mada imeeleweka, hoja zimepangika, lugha ni sahihi?

Jambo hilo la tatu ndilo linalowaelemea watoto wa Base, kambi iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu vya Pili. Humo Kiswahili na Kiluba hukutana na Lingala, lugha ya jeshi. Kifaransa ni cha darasani. Kwetu harufu husikiwa. Mtahiniwa akiandika "entendre l'odeur", amefikiri sawasawa, ila kalamu nyekundu (nami nimeishika) humhesabia kosa.

Katiba ya 2006 imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Insha imebaki ya Kifaransa.