Eberhard Nestle: Mwalimu wa Shule na Agano Jipya la Kigiriki

Mwanafunzi wa theolojia aingiapo darasa la Kigiriki hukutana na kitabu kidogo chenye majina mawili: Nestle na Aland. Huhangaika na vitenzi vyake mwaka mzima, na mara nyingi humaliza masomo bila kuuliza Nestle alikuwa nani. Wengi hudhani alikuwa profesa mkuu wa chuo kikuu fulani cha Ujerumani. Sivyo. Alikuwa mwalimu wa shule.

Eberhard Nestle alizaliwa Stuttgart tarehe 1 Mei 1851. Alisoma theolojia Tübingen, akajitoa hasa kwa lugha za kale. Sarufi yake ya Kisiria, iliyoandikwa kwa Kilatini, ilitoka mwaka 1881. Alifundisha katika shule ya sekondari ya Ulm, kisha kati ya 1890 na 1892 akashika kwa muda nafasi ya kufundisha lugha za Kisemiti katika Chuo Kikuu cha Tübingen. Nafasi hiyo haikuwa ya kudumu, naye akarudi kwa wanafunzi wake wa Ulm. Mwaka 1898 alihamia Maulbronn, nyumba ya kale ya watawa iliyofanywa kuwa shule ya Kiinjili mwaka 1556 ili kuwaandaa vijana kwa utumishi wa Kanisa.

Mwaka huohuo wa 1898 chama cha Biblia cha Württemberg kilichapisha Agano Jipya la Kigiriki alilolitayarisha. Ili tuone uzito wa jambo hilo, yatupasa kukumbuka hali ilivyokuwa. Tangu Erasmus alipotoa chapa yake mwaka 1516, makanisa ya Kiprotestanti yalitumia matini iliyotokana na nakala chache za mkono, tena za karne za baadaye. Kwa kitabu cha Ufunuo, Erasmus alikuwa na nakala moja tu, nayo ilikosa mistari ya mwisho. Basi aliitafsiri mistari hiyo kutoka Kilatini kwenda Kigiriki. Maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni katika 1 Yohana 5:7 hayakuwamo katika matoleo yake mawili ya kwanza. Aliyaingiza mwaka 1522. Katika karne ya 19 Tischendorf, na baadaye Westcott na Hort, walitoa matini bora zaidi kwa kutumia nakala za karne ya nne. Lakini vitabu vyao vilikuwa vya wataalamu, na vyama vya Biblia viliendelea kuchapa matini ya zamani.

Nestle alifanya kazi iliyoonekana ndogo. Aliyalinganisha matoleo matatu: la Tischendorf, la Westcott na Hort, na la Weymouth, ambalo baadaye alilibadili kwa lile la Bernhard Weiss. Palipo na mawili yaliyokubaliana, aliyafuata. Tofauti akaiandika chini ya ukurasa. Njia hiyo ilikuwa na kasoro. Kuhesabu kura za wataalamu si kupima ushahidi, kwa maana wawili wakitegemea nakala zilezile, ni shahidi mmoja aliyesema mara mbili. Mwanawe Erwin, katika toleo la 13 la mwaka 1927, alianza kuonyesha ushahidi wa nakala zenyewe. Baadaye Kurt Aland aliiendeleza kazi hiyo, na katika toleo la 26 la mwaka 1979 matini yote ilitolewa upya.

Hata hivyo, mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Mwaka 1904 Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje kiliiacha matini ya zamani, kikachapa ya Nestle. Chama hicho ndicho kilichochapa Maandiko kwa lugha nyingi za nchi za misioni, zikiwamo za Afrika Mashariki. Nestle alifariki Stuttgart tarehe 9 Machi 1913.

Maisha haya yanatuhusu kwa namna mbili. Kwanza, msharika akituuliza kwa nini Biblia yake mpya haina maneno aliyoyazoea katika ile ya zamani, twajaribiwa kumficha ukweli asije akayumba, ama kumwonyesha elimu yetu hata akaondoka na mashaka. Ukurasa wa Nestle wafundisha njia nyingine: neno tunaloliamini juu, tofauti chini, wala hakuna lililofichwa. Imani isiyoweza kustahimili maelezo ya chini ya ukurasa haijajengwa juu ya mwamba.

Pili, mwaka 1524 Luther aliwahimiza madiwani wa miji ya Ujerumani waanzishe shule na kufundisha lugha, kwa ajili ya Injili. Leo wako wanafunzi wanaoliona somo la Kigiriki kuwa kikwazo kabla ya kubarikiwa, na wako walimu wanaolifundisha kana kwamba wametupwa kando ya kazi yenyewe. Nestle hakupata kiti cha kudumu pale Tübingen. Alipata darasa la vijana, na kutoka katika darasa hilo aliwahudumia wahubiri wa ulimwengu mzima. Tukifungua kitabu kile kuandaa mahubiri ya Jumapili, twaketi bado miguuni pa mwalimu wa shule.