Ngombe Haendi Safari Peke Yake: Historia ya Magonjwa ya Mifugo Kwetu Mashariki

Katika Bushi, ngombe ndiye aliyefunga mapatano kati ya watu. Mahari ilitolewa kwa ngombe. Mutu aliyetafuta shamba la kulima alileta ngombe wa kalinzi kwa mukubwa wa udongo. Kwa Wahema wa Ituri na kwa wafugaji wengine wa milima yetu, ni vile vile: ngombe ni akiba, ni heshima, ni urafiki. Lakini kuna jambo moja tunalisahau. Ngombe akitoka zizi moja kwenda zizi lingine, haendi peke yake. Anabeba maziwa na mbolea, anabeba pia ugonjwa. Ni hiyo historia tunataka kueleza hapa, sababu inatuhusu hata leo.

Wazee walijua hatari hiyo bila masomo ya shule. Mwenye ngombe wengi hakuwaweka wote pahali pamoja. Aliwagawanya kwa marafiki na wakwe katika vilima mbalimbali. Desturi hiyo ilijenga undugu, ndiyo, lakini ilikuwa pia ulinzi: ugonjwa ukimaliza zizi moja, mbegu ya kundi inabaki kwingine. Walikuwa pia na dawa za majani, kama vile mubirizi kwa minyoo. Mwaka 2000 watafiti walitoa andiko juu ya dawa hizo za majani kwa wafugaji wa bonde la Ruzizi. Ni elimu ya kweli isiyofaa kuchekwa.

Hata hivyo, kulikuja pigo moja lililopita nguvu za majani. Ni sotoka, ambayo majirani wetu wa Rwanda na Burundi waliita muryamo. Iliingia Afrika upande wa Massawa, kwenye Bahari ya Shamu, karibu mwaka 1887, pamoja na ngombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia. Ethiopia ilipoteza karibu ngombe tisa kwa kila kumi. Karibu mwaka 1891 pigo lilikuwa limefika eneo la Maziwa Makuu, na mwaka 1896 likavuka muto Zambezi. Hata mbogo wa porini walikufa. Njaa ikafuata, na watu wengi waliokuwa na mali wakabaki mikono mitupu, karibu tu wakati wakoloni walipokuwa wanaingia.

Tusifikiri lakini kwamba ni Afrika tu iliyoteseka. Mwaka 1920 sotoka iliingia Ubelgiji yenyewe, pamoja na ngombe kutoka India waliopita bandari ya Antwerpen wakielekea Brazili. Hofu hiyo ndiyo iliyosukuma mataifa kuunda mwaka 1924, Paris, shirika la dunia la afya ya nyama wa kufuga.

Dawa ya chanjo iliyoshinda sotoka ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake, karibu mwaka 1960. Lakini ilihitaji baridi, na sehemu nyingi za wafugaji hazina umeme wala njia. Ndipo miaka ya 1990 ilipatikana chanjo inayovumilia joto. Wafugaji wenyewe wa Afar na wa Sudani Kusini wakafundishwa kuchoma ngombe wao sindano. Wao walijua kundi liko wapi, na wenzao waliwaamini. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Elimu ya maabara na elimu ya muchungaji zilitembea pamoja, ndiyo sababu zilifaulu.

Leo adui aliyebaki kwetu ni mudogo: kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio. Yeye ndiye anayeleta ile homa ambayo kwa Kifaransa tunaiita theileriose. Wakati wa ukoloni, ngombe waliogeshwa kwa amri katika mabwawa ya dawa. Watu walichukia amri, lakini kupe walipungua. Baadaye kazi hiyo ikalegea. Kisha vita vilivyoanza mwaka 1996 vikaleta unyanganyi, makundi mengi ya Kivu yakaisha, na watu wakaanza tena kwa kununua ngombe wa mbali, bila kujua wametoka wapi.

Hapo ndipo ugomvi unazaliwa. Katika milima mirefu yenye baridi kupe ni wachache, na ngombe wa kule hajazoea ile homa. Ndama wa kienyeji aliyezaliwa kwenye kupe anaweza kuugua kidogo akapona, na mwili wake ukapata nguvu. Lakini ngombe wa mulimani akishushwa bondeni kama mahari, anafika akiwa muzima kabisa, na kisha majuma mawili ao matatu anakufa. Baba wa binti anasema: mumenipa mugonjwa. Baba wa kijana anajibu: ninyi mumemupa sumu. Wengine wanataja uchawi. Kumbe ni kupe tu, na undugu umevunjika bure.

Basi tufanye nini? Ngombe mugeni akae mbali na wenzake kwa majuma matatu. Kila siku masikio yake yaangaliwe na kupe waondolewe. Akiwa na joto kali, tezi zikivimba chini ya sikio, akianza kupumua kwa shida, muganga wa nyama aitwe siku hiyo hiyo: dawa ipo, lakini inasaidia kama imetolewa mapema. Tena dawa ya kupe ichanganywe kwa kipimo, sababu ikipungua, kupe wanaizoea.

Desturi yetu inaweza kubeba kazi hiyo. Siku ya kutoa ngombe, mashahidi wanahesabu, wanaangalia pembe na rangi. Waangalie pia masikio. Waulize: ametoka kilima gani, ameogeshwa lini? Na pande zote mbili zipatane mbele ya wazee ni nani atabeba hasara kama akiugua katika yale majuma matatu. Wazee waliogawanya ngombe wao kwa vilima mbalimbali wangeyaelewa masharti hayo bila kufafanuliwa.