Tanzanite: jiwe la ng'ambo lililobatizwa New York

Tanzania inakaribia kutimiza miaka 60 tangu tanzanite ionekane, na ubishi wa nani aliiokota kwanza bado haujaisha. Sisi wa Fizi na Baraka huku Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambao wengi tuliishi ukimbizini Kigoma, jina hilo si geni kwetu.

Wataalamu walikuwa na jina lao: zoisite ya buluu. Zoisite inatokana na Žiga Zois, tajiri wa Ljubljana aliyependa kukusanya mawe. Henry Platt wa kampuni ya Tiffany, New York, hakulitaka. Kwa masikio ya Kiingereza lilikaribia neno la kujiua, na nani angemvisha mchumba pete ya jina hilo? Mwaka 1968 akaliita jiwe hilo tanzanite, kwa kuwa linachimbwa Tanzania peke yake, kule Mererani chini ya Kilimanjaro.

Ila Platt hakushika sururu. Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa, alilikuta Julai 1967, akadhani ni olivini, akasajili maeneo yake. Miaka miwili baadaye akafa kwa ajali ya gari. Mtanzania Jumanne Ngoma naye alishikilia kwamba yeye aliliona tangu Januari mwaka huohuo, akapeleka vipande kwa wataalamu wa serikali. Vitabu vya wazungu vilimsifu de Souza, Ngoma akazeeka bila kutajirika. Mnamo Aprili 6, 2018, Rais Magufuli alipozindua ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo, alimwita mzee huyo, tayari mgonjwa, akamzawadia shilingi milioni 100. Alifariki Januari 2019. Miaka 51 kungoja zawadi kama hiyo!

Na huku kwetu, mwaka uleule wa 1967 tanzanite ilipoonekana, Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP katika milima yetu ya Fizi, na dhahabu ya huku ikawa inavushwa ziwa hadi Kigoma kufadhili waasi wake wa msituni. Hata leo, dhahabu ya Misisi, machimbo yetu ya Fizi, ikishapita kwenye mizani ya mnunuzi, hakuna anayeitaja Misisi tena. Wenzetu angalau jina la nchi limebaki kwenye pete, japo aliyelitoa ni muuzaji wa Marekani. Wakubwa wetu wa Bukavu na Kinshasa wangeona aibu kidogo.

Juni 2020, mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili makubwa ya tanzanite kwa shilingi bilioni 7.7, mbele ya kamera. Ngoma hakuwahi kuona hata robo ya hizo.