Kabla Uuze Ploti Ununue Subaru WRX STI: Haya Ndiyo Wenyewe Hulalamikia

Ukikaa Rhonda Jumapili jioni, hasa ile wiki Safari Rally iko Naivasha, utaijua kwa masikio kabla uione. Inakuja upande wa Kaptembwo, inapunguza kwa bampu, inalipuka kidogo ikishuka gia, na watoi wanakimbia barabarani. Msee wa mutura anageuka na kisu mkononi. Kila mtu ana maoni, na karibu kila kijana hapo ashawahi kuambia boyz wake kwamba siku akiomoka, ndai ya kwanza ni hiyo.

Hiyo ni Subaru WRX STI. Mimi sina moja, nisikudanganye. Lakini nilipoacha college niliosha magari karibu mwaka mzima, na mwenye STI ni mtu wa kubonga sana akingoja ndai ikauke. Malalamishi yao yanafanana hadi unaeza dhani wamekariri pamoja. Nimeyaweka hapa yote, na mazuri yake pia, ju kuna msee mahali saa hii anahesabu pesa ya ploti.

Kwanza tujue ni gari gani

Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru yalianzia rally. Miaka ya 90 Patrick Njiru alikuwa anaendesha Subaru kwa Safari, na 1997 Colin McRae akashinda Safari na Impreza ya bluu yenye rimu za dhahabu. Ile rangi ndiyo bado watu wanapaka mpaka leo. Cha kushangaza ni kwamba Subaru walitoka mbio za dunia mwisho wa 2008. Safari iliporudi kwa kalenda ya dunia 2021 pale Naivasha, gari za kushindania nafasi ya kwanza zilikuwa Toyota, Hyundai na Ford. Lakini angalia parking. Subaru tupu.

Ile watu wanaita "STI mpya" hapa kwetu ni ya chasi VAB, iliyotoka Japani Agosti 2014. Injini ni EJ20, lita 2, silinda nne zimelala kando kando, na turbo. Nguvu ni farasi 308, gia sita za mkono, magurudumu yote manne yanavuta. Ukitaka otomatiki, hiyo si STI. Hiyo ni ndugu yake, WRX S4, ya farasi 300, na tutaifikia.

Sasa skia hii vizuri. Subaru walifunga oda za STI huko Japani Desemba 2019. Za mwisho kabisa, EJ20 Final Edition, zilikuwa 555 pekee na watu walipigiwa bahati nasibu kuzipata. Machi 2022 kampuni ikatangaza haitatengeneza STI nyingine ya injini ya petroli kwa hii WRX ya sasa. Na Kenya hatukubali gari iliyopita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Piga hesabu. Ndani ya 2026 unaweza kuleta ya 2019 kuendelea. Ndani ya 2027 ni ya 2020, na hizo ni chache sana. Ukifika 2028, STI ya kutoka Japani moja kwa moja ni hadithi.

Ndio maana mabroka wameanza kusema "nunua sasa ama ujute." Hapo kuna ukweli, lakini kuna watu wamenunua kwa haraka na wakajuta vilevile.

Ushuru

Lalamiko la kwanza huwa si la gari. Ni la bandari. KRA haiangalii risiti yako ya Japani. Inaangalia orodha yake ya bei, ile CRSP, inapunguza uchakavu kulingana na umri, halafu hapo ndipo inaanza kukata: ushuru wa forodha asilimia 35, ushuru wa bidhaa asilimia 25 kwa ukubwa huo wa injini, VAT 16, na zile ada ndogo mbili za reli na tangazo la mzigo. Kwa vile kila moja inakaliwa juu ya nyingine, mwishowe unalipa karibu sawa na thamani yenyewe. Gari ikihesabiwa mita mbili, tayarisha mita mbili zingine kabla itoke Mombasa. Msee mmoja niliyekuwa nikimwoshea aliambiwa hiyo siku meli ishafika. Aliuza pikipiki mbili.

Mafuta: hapa ndio injini hufia

Tanki ni lita 60. Kwa karatasi ya Japani STI inaenda kilomita 9.4 kwa lita. Ndani ya Nakuru, na jamu ya kutoka Shabab hadi tao, wenyewe husema wakiona 7 wanashukuru Mungu. Tuseme Super ni Sh180: kujaza ni Sh10,800, na unapata kama kilomita 420. Hiyo ni Nairobi kuenda na kurudi, na kabaki ya kuzunguka mtaa. Kila tarehe 14 EPRA ikitangaza bei, mwenye STI ndiye wa kwanza kusoma.

Lakini bei si shida kubwa. Shida ni oktani. Hii gari Wajapani waliitengeneza ikunywe petroli ya oktani 100, ile huko huitwa haioku. Super yetu ya kawaida haifiki hapo. Mafuta ya oktani ya chini ndani ya injini ya turbo yanaweza kuwaka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Kompyuta ya injini ikiskia hiyo kugonga inarudisha moto nyuma, na gari inapoteza nguvu. Mwenyewe anaona gari imekuwa mzito, anadhani ni plagi, anakanyaga zaidi. Ikiendelea hivyo mkiwa kwa mlima wa Mau Summit na watu wanne ndani, ile sehemu nyembamba ya pistoni inayoshika ringi inaweza kupasuka. Hapo ni injini kushuka.

Ongeza kwamba Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hivyo turbo inazunguka kwa nguvu zaidi kutafuta presha ileile. Wasee wa pwani hawana hii stori.

Dawa inajulikana. Weka petroli ya premiamu ya stesheni unayoiamini, kila wakati, si siku ya mshahara pekee. Pili, mtu anayejua kupanga kompyuta ya injini aipange kwa mafuta ya hapa, na aipange akilegeza. Wengi hufanya kinyume. Wanalipa mtu aongeze nguvu, kwa gari ambayo hata nguvu iliyokuja nayo haijapata mafuta yake.

Ile sauti hawakuipata

Hii ilinichekesha. Mtu anatoa mamilioni ju ya ule muungurumo wa Subaru, ule wa dugu-dugu-dugu, gari inafika, anaiwasha, na inalia kama gari tu. Anadhani amechezwa.

Hajachezwa. Muungurumo ule hutoka kwa Subaru ambazo mabomba ya ekzosti kutoka kwa silinda hayalingani urefu, moshi unafika kwa turbo bila mpangilio. STI ya Japani yenye EJ20 ina mabomba yanayolingana, na turbo yenye njia mbili, ili ipumue vizuri. Sauti ikatolewa kafara. Sasa msee anaenda garage, anatoa mabomba mazuri anaweka yasiyolingana, anakata na ile ya nyuma, na sasa inaunguruma. Lakini turbo inapumua vibaya, kompyuta haijaambiwa chochote, na sanse wa kwanza kwa rodi ana sababu ya kumsimamisha. Bampu zote za Rhonda zinajua sasa amefika saa ngapi. Majirani pia, na kama una mtoto mchanga kwa ploti hiyo unajua sina haja ya kuendelea.

Vumbi letu ni lile la volkano, laini kama unga. Wale wanaotoa boksi la filta na kuweka ile filta wazi ya kuonekana, ndiyo turbo ipige mluzi, wanaingiza hilo vumbi ndani. Nimeona filta ya aina hiyo ikioshwa, maji yalitoka kama uji wa wimbi.

Oili, mkanda, tairi

Mwenye STI wa ukweli utamjua kwa kitu kimoja: anavuta dipstiki kila akijaza mafuta. Injini hii hula oili kiasi, hasa ikikimbizwa. Ile taa nyekundu huwaka presha ikiwa ishaanguka, na beringi za injini zikikosa oili hata dakika moja, unaanza kuskia tok tok kutoka chini. Hiyo tok tok ndiyo sauti ghali kuliko zote. Ukishatoka mbio, iache isilale kwa dakika moja ama mbili kabla uzime, ili oili itoe joto kwa turbo. Si ushamba.

Mkanda wa taiming hubadilishwa ukifika kilomita 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana. Na kwa vile saa za kilomita zinaweza kurudishwa nyuma, usiamini namba. Mwenye akili anabadilisha siku gari imefika na kuandika tarehe.

Tairi ni lalamiko la watu wa mtaa zaidi. Tangu 2017 STI nyingi zilikuja na rimu za inchi 19 na tairi za 245/35, yaani mpira mwembamba kama mkate uliokaliwa. Tumbo la gari liko sentimita 13.5 tu kutoka chini. Hesabu hiyo na matuta ya kwetu, ambayo kila mwenye kiosk amejengewa la kwake. Bampa ya mbele ndiyo huenda kwanza, halafu rimu. Wengi hapa hushuka hadi inchi 18, lakini wapime kwanza, ju breki zile za Brembo za njano ni kubwa na si kila rimu inazipita. Na ukibadilisha tairi, badilisha zote nne zifanane. Ukiweka mbili mpya na mbili za zamani, difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika hadi iungue. Kuna watu wamenunua difu ju waliokoa pesa ya tairi mbili.

Klachi ni nzito, kwa jamu mguu wa kushoto unalalamika. Redio inaongea Kijapani na haifiki stesheni zetu za juu bila kiongezi. Hizo ni ndogo.

Na mbona bado hawaiuzi?

Swali niliuliza sana. Jibu huwa la mvua. Siku ile barabara ya kuelekea Molo imelowa, lori la mbele linateleza, na STI inashika lami kama imepigwa misumari. Steringi inakuambia kila kitu. Breki zinasimama. Ukikanyaga kutoka mizunguko elfu nne kuenda juu, unaelewa mbona mtu mzima na watoto anakataa kununua gari ya heshima. Hata malalamishi yao, ukiskiza vizuri, yanatoka kwa mtu anayelalamika kuhusu mkewe na kukataa umsaidie kulalamika.

S4 ni ya watu watulivu zaidi. Injini yake ni FA20, inatumia cheni badala ya mkanda, na inakula mafuta kidogo kuliko STI. Lakini ina CVT, wanaopenda gia husema inalia bila kuenda, na oili yake si ya kubahatisha na ile ya duka la kona. Valvu zake pia hujaza masizi kwa vile petroli inaingizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haizioshi. S4 mpya ya lita 2.4 iliyotoka Japani mwisho wa 2021 ina farasi 275 na CVT tu. Hiyo bado mlango uko wazi kwa miaka kadhaa.

Kwa STI, soko litakuwa la hapa hapa: gari ya namba ya KD, mwenyewe wa tatu, imepakwa bluu. Ndiyo hapo naogopea watu wangu, ju mwenye kuuza anaijua injini yake na wewe unaijua rangi. Ukienda kuangalia, lipa fundi wako, si wa muuzaji, apime kompresheni ya silinda zote nne na muandike namba. Uliza ekzosti yake ya mwanzo iko wapi, ilipangwa kompyuta na nani, na kwa mafuta gani. Fika mapema kuliko mlivyokubaliana, na kabla umsalimie vizuri weka mkono juu ya boneti. Ukipata ina joto, alikuwa ameipasha ndiyo usiskie ikiamka baridi. Mwambie utarudi kesho asubuhi, na asiiguse.