Benki za Seoul, Benki za Dar es Salaam

Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaifisha benki, kisha ikaziunganisha kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Miaka sita kabla ya hapo, jenerali Park Chung-hee alikuwa amekwisha kuziweka benki za Korea Kusini chini ya serikali. Anayesema Korea ilipanda kwa soko huria na Tanzania ikakwama kwa mkono wa serikali, basi, amekosea hesabu tangu mstari wa kwanza. Mikono ilikuwa miwili.

Kilichotofautiana ni masharti. Seoul ilimkopesha tajiri kwa riba nafuu, ikamdai kitu kimoja: auze nje. Park mwenyewe alihudhuria vikao vya kila mwezi vya kukagua mauzo hayo, na asiyefikia lengo alijua mkopo ujao una mashaka. Mauzo ya nje, yaliyokuwa dola milioni 100 mwaka 1964, yalifika bilioni 10 mwaka 1977.

Dar es Salaam ilidai mengi zaidi, na ya heshima zaidi: kiwanda cha nguo kama Urafiki pale Ubungo kiajiri, kiwavishe wananchi, bei isimuumize mnunuzi. Shirika la umma likipata hasara, NBC ililibeba. Hapo ndipo penye ufa, maana mkopo usioogopwa si mkopo tena.

Lakini tusiwapime wakimbiaji bila kutazama walipoanzia. Korea iligawa ardhi kwa wakulima mwaka 1950, na kufikia 1960 karibu watoto wake wote walikuwa shule za msingi. Tanzania ilibidi iwaketishe kwanza wazazi wenyewe kwenye madarasa ya ngumbaru, na kazi hiyo haionekani kwenye takwimu za mauzo ya nje. Wala ushindi wa Korea haukuwa wa bure: Novemba 1970 mshonaji nguo Jeon Tae-il, kijana wa miaka 22, alijichoma moto Seoul akidai sheria za kazi zifuatwe.

Kwa maoni yangu, Dar es Salaam haikukosea kushika benki. Ilikosea kutomwuliza mkopaji hesabu. Seoul iliuza benki zake kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 1980. NBC iligawanywa mwaka 1997, na kipande chake kimoja ndicho NMB ya leo.